Wasomaji Wanauliza: Yule Nyoka wa Kijani Dirishani

Safari hii barua karibu zote zilizonifikia zinamhusu mnyama mmoja, au pengine niseme rangi moja. Wasomaji wameona nyoka wa kijani na wanataka kujua wamekutana na nani. Nimechagua barua chache ambazo majibu yake yanawafaa wengi, na kwa kuwa ya kwanza ina mengi ndani yake, nitaikalia kwa muda mrefu kuliko nyingine.

*Ndugu mhariri, mwezi uliopita, yapata saa nne asubuhi, nilikuwa naanika nguo nikamwona nyoka wa kijani akiteremka kutoka kwenye mwembe, akapita juu ya kamba ya nguo na kupanda nondo za dirisha la jikoni akimfuata mjusi kafiri. Alikuwa na urefu wa karibu mita moja na unene usiozidi kidole gumba, na shingoni alikuwa na madoa meusi. Mwanangu alipomkaribia, nyoka alivimbisha shingo, basi kijana akampiga fimbo akafa. Majirani walisema ni mamba na kwamba tumeponea chupuchupu. Jioni mzoga ulikuwa umebadilika ukawa wa samawati, na shemeji yangu akasema hiyo ndiyo sumu iliyosambaa mwilini. Naambatanisha picha. Alikuwa nyoka gani?* (Mama wa watoto watatu, Morogoro)

Mama, picha yako ni nzuri kuliko nyingi ninazoletewa, kwa sababu inaonyesha kichwa kwa ubavu na mwili wote hadi ncha ya mkia. Nyoka huyo ni ukukwi mwenye madoa, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa *Philothamnus semivariegatus*. Hana sumu, hana hata jino la kupitishia sumu, na kilichomleta dirishani kwako ni yule mjusi kafiri tu.

Kilichonipa uhakika ni mpangilio wa madoa. Katika picha yako vipande vyeusi vinaanzia nyuma ya kichwa, vinakuwa vizito shingoni na kifuani, kisha vinafifia kabla ya kufika katikati ya mwili, na kuanzia hapo kijani chenyewe kinaingia rangi ya shaba kuelekea mkiani. Ni kama fundi aliyeanza kumnakshi nyoka mzima akaishia nusu. Hivyo ndivyo alivyomwona pia Andrew Smith, daktari Mskoti aliyekuwa mtafiti wa wanyama kusini mwa Afrika, alipomwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1840. Neno *semivariegatus* ni la Kilatini na maana yake ni mwenye mapambo nusu. Neno la mbele limetoka katika Kigiriki na maana yake ni mpenda kichaka, na nadra mnyama kupewa jina la kitaalamu linalomkaa vizuri namna hiyo.

Jenasi hii ya ukukwi ina spishi zipatazo ishirini, zote za Afrika kusini mwa Sahara, wala hakuna hata moja yenye sumu ya kumdhuru binadamu. Wa kwetu Afrika Mashariki ni kadhaa. Ukanda wa pwani na sehemu kavu za bara yuko *Philothamnus punctatus*, ambaye madoa yake ni vitone vidogo kama vya kalamu. Penye mito, mabwawa na majaruba wapo *Philothamnus hoplogaster* na nduguze wanaopenda vyura, na nyanda za juu za Kenya, hata ndani ya Nairobi, yuko *Philothamnus battersbyi*. Milima ya Usambara nayo ina wake, *Philothamnus macrops*, mwenye macho makubwa kupita kiasi.

Sasa kuhusu rangi ya samawati, ambayo naona ndiyo iliyomtisha shemeji yako. Nyoka wengi wa kijani hawana rangi ya kijani hata kidogo ndani ya ngozi zao. Wana chembechembe za rangi ya manjano kwa juu, na chini yake tabaka linalorudisha nuru ya samawati, na jicho letu likipokea vyote viwili pamoja linaona kijani. Nyoka akifa, ule umanjano huharibika kwanza na samawati hubaki peke yake. Ndiyo maana vielelezo vya nyoka wa kijani vilivyohifadhiwa katika spiriti kwenye majumba ya makumbusho huwa vya buluu tupu. Sumu, kwa nyoka aliye nayo, hukaa katika tezi zilizo nyuma ya jicho na haisambai mwilini mwake, si kabla ya kufa wala baadaye.

Na kuhusu kuvimbisha shingo: ukukwi anapokosa njia ya kukimbilia hujaza hewa shingoni, magamba yakatengana, na ngozi iliyojificha katikati yake ikaonekana kwa weupe na samawati inayong'aa. Kwa nyoka asiye na silaha yoyote, hiyo ndiyo hila pekee aliyo nayo. Bahati mbaya ni kwamba hila hiyo huwafukuza ndege ila humkaribishia fimbo ya mwanadamu.

*Je, nitamtofautishaje na mamba wa kijani, na yule mwingine wa mitini ambaye watu husema anaua? Mimi ni mkulima wa mikorosho na siwezi kumsogelea kila nyoka nikamkague.* (Mkulima, Mtwara)

Ndugu mkulima, swali lako ni zito kuliko la wote, maana katika mikorosho ya kusini mwa Tanzania wote watatu wanaweza kuwapo kwenye shamba moja. (Kwa msomaji anayeshangaa, mamba tunayemzungumzia hapa ni nyoka, wala si yule wa mtoni.) Nakushauri uanze kwa kuiacha rangi kabisa. Rangi ndiyo kitu cha kwanza kuonekana na ndicho kitu kibovu kuliko vyote cha kutambulia nyoka wa mitini, kwa sababu wote watatu wanaishi kwenye majani yale yale na kijani kinawafaa wote.

Tazama jicho na kichwa. Mamba wa kijani, *Dendroaspis angusticeps*, ana kichwa kirefu, chembamba na bapa kama jeneza, na jicho lake ni dogo kwa kichwa hicho. Mwili wake wote ni kijani cha aina moja bila madoa ya kupangika, na akikomaa hufika mita mbili na kuzidi. Ngole, ambaye Makaburu walimwita *boomslang*, yaani nyoka wa mti tu, na wataalamu humwita *Dispholidus typus*, ana kichwa kifupi kilichochongoka kama yai na jicho kubwa mno, kiasi kwamba uso mzima unaonekana kuwa jicho. Ukukwi naye ana jicho kubwa, lakini kichwa chake ni kirefu kiasi na kimelala, na duara la jicho huwa na rangi ya dhahabu au chungwa likizunguka mboni nyeusi. Akitoa ulimi, ukukwi mwenye madoa huutoa wa samawati wenye ncha nyeusi, jambo ambalo ukiliona mara moja hutalisahau.

Yako pia mambo ya mwili. Ukukwi ni mwembamba tangu shingo hadi mkia, na ni nadra azidi mita moja na robo. Ngole hujaa katikati, na magamba yake yana mwinuko mwembamba uliosimama kama tuta katikati ya kila gamba, kwa hiyo mwili wake huonekana mkavu usiong'aa, ilhali ukukwi na mamba wote wawili wana magamba laini yanayometa. Kumbuka tena kwamba ngole dume mara nyingi ndiye wa kijani. Jike huwa wa kahawia au kijivu, na watoto wao ni wa kijivu wenye macho ya zumaridi. Na ngole pia huvimbisha shingo, tena kwa kiasi kikubwa kuliko ukukwi, kwa hiyo dalili hiyo usiitegemee.

Hata hivyo, nakiri kwamba nimewahi kukosea mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama hatua nne kutoka kwenye tawi, jua likiwa machoni mwangu, baada ya miaka ya kuwatazama wanyama hawa. Nilimtangaza ukukwi, akageuza kichwa, nikaona ni ngole kijana. Karl Patterson Schmidt, mtaalamu wa nyoka wa Chicago, aliumwa na ngole mdogo mwezi Septemba mwaka 1957, akadhani kwamba nyoka wa umri ule hangeweza kumtia sumu ya kutosha, akaendelea kuandika dalili zake kwa mkono wake, na siku iliyofuata alikuwa amefariki. Kwa hiyo, ndugu yangu, alama hizi nilizokupa ni za kukutuliza moyo ukiwa mbali. Ukimwona nyoka wa kijani kwenye mkorosho, hamia mti mwingine, umwachie nusu saa. Ukukwi atakuwa ameshaondoka, na wale wengine wawili pia hawana hamu ya kukaa nawe.

*Nimekuta gamba la nyoka limening'inia kwenye ukuta wa matofali, juu kabisa karibu na dari la baraza. Nyoka asiye na miguu wala kucha alifikaje pale?* (Msomaji, Kilifi)

Hili ni swali ninalolipenda, na una bahati ya kuwa na jibu mkononi. Chukua gamba hilo ulilaze mezani, tumbo likielekea juu. Utaona safu moja ya magamba mapana yaliyopangana kama vibao vya ngazi tangu kooni hadi karibu na mkia. Sasa pitisha kidole kando ya safu hiyo, upande wa kulia kisha wa kushoto. Kama ni la ukukwi wa mitini, utahisi kwamba kila kibao kimekunjwa pembeni na kufanya ukingo mkali, mithili ya bahasha iliyokunjwa kwa ukucha, na kingo hizo mbili zinaendelea hadi chini ya mkia.

Kingo hizo ndizo kucha zake. Nyoka anapopanda gome la mti au ukuta wenye chokaa iliyochubuka, hutafuta mahali palipoinuka hata kwa unene wa punje ya mchanga, akaegemeza ukingo wa gamba moja, kisha wa jingine, huku mwili ukijikunja kushoto na kulia ili uzito ugawanyike kwenye vishikizo vingi. Ukuta uliopigwa plasta ukalainishwa na kupakwa rangi ya mafuta humshinda. Wa tofali tupu kama wako kwake ni barabara. Wale ukukwi wa majanini kando ya maji, ambao hawana haja kubwa ya kupanda, wana kingo hafifu au hawana kabisa.

Kama una subira, hesabu pia safu za magamba madogo ya mgongoni, kwa mshazari, katikati ya mwili, bila kuhesabu vibao vya tumbo. Ukukwi ana safu 15. Ngole kwa kawaida ana 19, na kila gamba lina ule mwinuko niliousema. Sijui njia nyingine ya kumtambua nyoka iliyo salama kama hii, kwa kuwa mwenyewe hayupo.

*Kama ni nyoka wa mitini, mbona mimi humwona chini, na siku moja nilimwona akiogelea?* (Msomaji, Kisumu)

Kwa sababu ni wa mitini nusu. Mti ni mahali pake pa kujificha, kuota jua na kulala, lakini riziki humfanya ashuke: mijusi hukimbilia chini ya mawe, vyura wako majini, na kutoka kichaka kimoja hadi kingine mara nyingi hakuna daraja la matawi. Ukukwi wote huogelea vizuri, na kwa huko kwenu ziwani nathubutu kusema uliyemwona ni mmoja wa wale wala vyura, ambao hukaa kwenye matete na nyasi ndefu kuliko wanavyokaa juu ya miti.

*Je, atanilia vifaranga?* (Mfugaji, Dodoma)

Hapana. Kinywa chake hakitoshi. Chakula chake ni mijusi, hasa mijusi kafiri, vinyonga na vyura, na huwakamata mchana kwa kutegemea macho. Hunyanyua theluthi ya mbele ya mwili ikasimama bila kutikisika kama kijiti, mara nyingine akaiyumbisha taratibu kama tawi lililoguswa na upepo, kisha akaruka ghafla. Hamkabi mnyama wala hamtii sumu; humshika kwa meno na kuanza kummeza angali hai. Anayekula vifaranga vyako mtafute kwingine, na ningeanza na kicheche.

*Rafiki yangu alimshika nyoka wa kijani kwenye ua wa shule akaumwa kidoleni. Tulimwekea jiwe jeusi la nyoka, likanata, na jioni alikuwa mzima kabisa. Je, wataalamu wanakubali sasa kwamba jiwe linafanya kazi?* (Mwanafunzi, Thika)

Mwanangu, nimefurahi kwamba rafiki yako ni mzima, lakini jiwe lilimponya mtu ambaye hakuwa mgonjwa. Ukukwi akishikwa huuma bila kusita, akaacha mikwaruzo midogo inayotoka damu kidogo kwa sababu meno yake ni mengi na membamba kama sindano, na matibabu yake ni maji na sabuni. Jiwe hilo hutengenezwa kwa mfupa uliochomwa, na hunata kwa kuwa lina vitundu vinavyofyonza unyevu, vile vile ambavyo lingenata kwenye mkwaruzo wa mwiba. Sifa zake zote limezipata hivyo: nyoka wengi wanaouma watu hawana sumu, na hata wenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa.

Hatari iko siku aliyeuma ni ngole. Sumu yake huvuruga uwezo wa damu kuganda, na saa kadhaa zinaweza kupita mgonjwa akijiona salama, jiwe likisifiwa, kabla ya fizi na puani kuanza kuvuja damu. Dawa ya kuzuia sumu ya ngole ni ya pekee, hutengenezwa Afrika Kusini, na huchukua muda kufikishwa kwa mgonjwa, kwa hiyo kila saa iliyopotezwa nyumbani ina gharama. Mtu akiumwa na nyoka asiyejulikana, atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikisike, pete na bangili zivuliwe kabla hajavimba, na apelekwe hospitali. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe, wala kamba isifungwe. Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na sehemu ya kusahauliwa huko ni sisi kumaliza saa za mwanzo kwa mambo ya namna hii. Ua wa shule nao si mahali pa kushikia nyoka, mwambie rafiki yako.

*Nilipokuwa nafukua mboji nilikuta mayai meupe, marefu, yenye ngozi laini. Ni ya nyoka huyu?* (Mkulima wa bustani, Arusha)

Yanaweza kuwa yake. Jike hutaga mayai kati ya 3 na 12 mahali penye joto na unyevu, kama vile chini ya majani yanayooza au ndani ya shimo la mti, na kila yai huwa na urefu wa sentimita tatu hadi nne na upana wa kama sentimita moja, hivyo ni jembamba kuliko yai la mjusi mkubwa. Hayaatamii, akishataga huondoka. Watoto hutoka wakiwa na urefu wa sentimita 23 hadi 30, wembamba kama kalamu, na hujitegemea tangu saa ya kwanza. Ukiyafunika tena, usiyageuze. Kiinitete, yaani nyoka anayekua ndani, hushikamana na upande wa juu wa yai na kugeuzwa kunaweza kukiua.

*Ningependa kumfuga mmoja.* (Msomaji, Nakuru)

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 haikuruhusu kumweka mnyamapori bila kibali, na hata ungekuwa nacho ungechoka upesi kumtafutia mijusi hai, kwa kuwa ni nyoka mwenye wasiwasi ambaye akifungiwa mara nyingi hugoma kula. Nikupe shauri jingine. Subiri giza liingie, kiasi cha saa mbili usiku, uchukue tochi na umulike vichaka vya uani, ukitazama ncha za nje kabisa za matawi, pale palipo pembamba mno hata unadhani hapabebi kitu. Ukukwi hulala huko, amejikunja juu ya vijiti vyepesi, na inadhaniwa kwamba anachagua hapo kwa sababu adui akilikanyaga tawi litamtikisa na kumwamsha. Tumbo lake jeupe hurudisha mwanga wa tochi likaonekana kama uzi uliotupwa juu ya majani. Usiliguse tawi. Kama hakusumbuliwa, rudi usiku wa pili, huenda ukamkuta kwenye kichaka kile kile.